Dagaa wa Mwaloni wanavuliwa kwa kemia

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata na hii ni ndefu, ila mkikata tafadhali msiguse sehemu ya karabai, hiyo ndo iliyonifanya nishike kalamu.

Namjibu mzee wangu wa Igoma, yule aliyeandika humu kwamba kijana wake kapata C ya Kemia form four na yeye kashampiga marufuku asiendelee nayo mbele. Hoja yake nimeielewa na wazazi wengi hapa Mwanza wanawaza hivyohivyo, kwamba Kemia ni ya watakaokuwa madaktari na wafamasia, ukikosa huko umebaki kufundisha shule ya kata, na siku hizi hata huko kufundisha kwenyewe unasubiri ajira mpaka nywele zinaanza kuwa nyeupe. Kwahiyo kijana akasome kompyuta, kodingi, apu, mana teknolojia ndo iko huko. Na nyie wahariri mmechangia, mnisamehe kusema, ukurasa wenu wa teknolojia kila nikiufungua ni apu mpya, mitandao, akili mnemba, basi. Mtu akiwasoma nyie tu anaweza kudhani simu zinaota shambani na kazi ya binadamu ni kuziwekea programu.

Mimi ni fundi simu Makoroboi, na kabla ya simu nilikuwa chumba cha giza kwenye stuudio ya picha hapahapa mjini, enzi hizo mtu analeta rolo ya filamu ya harusi anaambiwa njoo wiki ijayo. Sina digrii ya chochote. Ila kazi zote mbili nilizofanya zimenionyesha kitu kimoja, kwamba simu ikiwa nzuri kuliko ya miaka mitano nyuma mara nyingi ni kwasababu kuna mtu mahali fulani alikaa maabara akapika kitu ambacho duniani hakikuwepo, au kilikuwepo ila hakuna aliyejua kinafaa nini. Skrini, betri, gundi ya kioo, risasi ya kuchomelea, ile rangi inayong'aa kwenye tivii mpya, vyote vimepikwa. Programu inakuja baadaye, inakaa juu ya hivyo vitu kama mpangaji.

Sasa karabai.

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi ukute dagaa wanashushwa, wale wamevuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika mana dagaa hawaifuati taa tena. Miaka yote tuliyokua ilikuwa karabai, mafuta ya taa, pampu, na kile kisoksi cha kitambaa ambacho ukikiwasha mara ya kwanza kinaungua chote kinabaki majivu meupe yenye umbo lilelile la soksi, ukiligusa kwa kidole limekwisha. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kitambaa kisichoungua. Kumbe kitambaa kinaungua kabisa na kinachobaki ni oksidi za metali. Aliyebuni hicho kitu ni Mwaustria mmoja mwanakemia, Carl Auer von Welsbach, aliloweka pamba kwenye chumvi za thoriamu na seriamu halafu akaichoma, na mchanganyiko uliofanya kazi, aliousajili mwaka 1891, ulikuwa thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1. Hiyo asilimia moja ndo yenye kazi. Thoriamu peke yake ukiitia kwenye moto inatoa kamwanga hafifu ka hovyo, ukiongeza hako kaseriamu kadogo inawaka nyeupe ya kuvulia samaki. Alijaribu michanganyiko kibao kabla ya hapo, wa kwanza aliouuza ulitoa mwanga wa kijani na watu hawakuupenda.

Mtu huyohuyo mwaka 1885 alikuwa ameshaipasua metali moja iliyodhaniwa ni moja zikatoka mbili, neodimiamu na praseodimiamu. Neodimiamu leo ndo iko kwenye sumaku ya spika ya simu na kale kamota kanakotetemesha simu ukiweka vaibresheni, mimi nazitoa kila siku na zinanasa kwenye bisibisi. Na mwaka 1903 akatoa lile jiwe la kiberiti cha gesi, nalo lina seriamu ndani yake. Kwahiyo mvuvi wa Ukerewe aliyekuwa anawasha karabai kwa kiberiti cha gesi alikuwa anatumia vitu viwili vya kichwa cha mtu mmoja, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia, na wala mimi hakuna aliyeniambia, nimeyasoma ukubwani.

Leo karabai zimepungua sana ziwani, wavuvi wamehamia taa za LED zenye betri na sola. Ukiangalia ziwa usiku ukiwa Capripoint mwanga wenyewe umebadilika rangi, ule wa karabai ukiulinganisha na huu ulikuwa wa njano njano, huu wa sasa ni mweupe wa kuumiza macho. Hapa ndo nataka mzee wangu wa Igoma anisikilize vizuri. Taa nyeupe ya LED haitoi mwanga mweupe. Kile kichipu cha ndani kinatoa bluu, halafu juu yake wameweka unga wa njano, bluu nyingine inapita, nyingine inamezwa na ule unga inageuka njano, vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Taa ikiwa imezimwa iangalie, utaona doa la njano kama kiini cha yai, ndo huo unga. Na kitu kinachoufanya ule unga uwe na kazi ni kiasi kidogo sana cha seriamu. Seriamu ileile! Karabai imeondoka, pampu imeondoka, mafuta ya taa yameondoka, seriamu imebaki palepale juu ya mtumbwi inavua dagaa.

Na kile kichipu cha bluu nacho kilisumbua watu kweli. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960 na kijani zikafuata, ila bila bluu hupati nyeupe, na bluu ilikataa. Makampuni makubwa ya Marekani na Japani yalijaribu yakachoka. Maada iliyotakiwa ni galiamu naitraidi, kuiotesha iwe fuwele safi ilikuwa balaa, inaota na nyufa na makovu. Watu wawili wa Nagoya, profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, walipata njia ya kuiotesha vizuri katikati ya miaka ya 1980, halafu akaja Shuji Nakamura ambaye mimi ndo namkubali kuliko wote, mana yeye hakuwa chuo kikubwa wala Tokyo, alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kemikali ya mkoani inaitwa Nichia, kisiwa cha Shikoku. Mashine ya kuoteshea aliinunua halafu akaifumua mwenyewe, anachomelea mabomba mwenyewe, anabadilisha gesi inavyoingia, anajaribu tena kesho. Kulikuwa na tatizo moja hapo ambalo linanifurahisha sana, ili chipu iwake lazima utie magniziamu kidogo, walikuwa wanatia na haifanyi kazi, kumbe hidrojeni inayotoka kwenye amonia wanayotumia kuoteshea ndo inaishika magniziamu isifanye kazi, dawa yake ni kuipasha moto tu bila amonia. Kuipasha moto tu! Mwaka 1993 taa ikawaka bluu kali, mwaka 2014 watatu hao wakapewa Nobeli. Kampuni mwanzoni ilimpa bonasi ya yeni 20,000, akaenda mahakamani, ikaja kumalizika mwaka 2005 kwa yeni milioni 843. Hiyo nimeiweka kwa ajili ya wale wanaosema Kemia haina hela.

Na nisiwadanganye vijana, kazi yake haikuwa ya bure. Tajiri wa ile kampuni alimpa mamilioni ya dola kwenye kitu ambacho wenzake wote walikuwa wanasema hakiwezekani. Tajiri wa namna hiyo hapa kwetu sijui anaishi mtaa gani.

Turudi darasani. Kila aliyesoma Kemia form four nchi hii anaijua ile praktiko ya kuchora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unamimina sodiamu thayosalfeti na asidi, unaanza kuhesabu sekunde mpaka X isionekane. Wote tumehesabu. Tumejaza jedwali, tumechora grafu, mtihani umeisha, tumesahau. Mimi nilikuja kukutana na hiyo chumvi tena kwenye chumba cha giza, kwenye kopo limeandikwa fiksa, na mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anaiita hipo. Ndo inayoifanya picha isifutike. Filamu ina chembe za chumvi ya fedha, zile zilizopigwa na mwanga developa inazigeuza kuwa fedha nyeusi, zile ambazo hazikupigwa na mwanga lazima ziondoke la sivyo ukitoka nje na picha inakuwa nyeusi tii yote, na kinachoziondoa ni hipo. Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba hipo inayeyusha chumvi za fedha, akakaa nayo miaka 20 haina matumizi ya maana, mwaka 1839 picha zilipovumbuliwa akasema mbona mimi nina dawa. Hivi mwalimu akiwaambia hayo wanafunzi wakati wanahesabu X zao itamchukua dakika ngapi? Mbili. Na fiksa iliyotumika ina fedha ndani, fedha hii ya pete na mikufu, inaweza kutolewa ikauzwa. Sisi tulikuwa tunamwaga.

Filamu ina visa vingi, nikianza sitamaliza, ila kimoja hiki lazima nikiseme. Zile chembe za fedha zinashikiliwa na jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Miaka ya 1920 watu wa Kodak, ile kampuni ya filamu ya Marekani, walikuwa wanashangaa kwanini filamu ya jelatini hii inashika picha haraka na ya jelatini ile imelala usingizi, wakati zote ni jelatini. Mwanakemia wao Samuel Sheppard akafuatilia mpaka kwa ng'ombe wenyewe, akakuta ng'ombe waliokula mimea ya haradali jelatini yao ina salfa kidogo na hiyo salfa ndo inayoifanya filamu iwe kali. Ng'ombe akila haradali picha inatoka. Baada ya hapo hawakuhitaji kumtegemea ng'ombe, wakawa wanatia salfa wenyewe kwa kipimo. Sisi Kanda ya Ziwa tuna ng'ombe wa kutosha jamani, na ngozi zinaozea machinjioni, na chuo cha ngozi kipo hapahapa Mwanza, kampasi ya DIT, ile Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam.

Kodak huyohuyo ana kisa kingine cha kusikitisha. Watu husema Kodak alikufa kwasababu alichelewa kamera za dijitali, lakini kamera ya dijitali ilitengenezwa kwao mwaka 1975. Na skrini za OLED, hizi ambazo nikimwambia mteja bei anakaa chini kwanza, zilianzia kwao pia, Ching Tang na Steven Van Slyke waliandika mwaka 1987 wakionyesha kwamba ukipanga tabaka mbili nyembamba za kemikali za kaboni katikati ya elektrodi unapata mwanga kwa volti chache tu, chini ya kumi. Watu wa kemia ya filamu hao. Kodak akaja kuiuza biashara hiyo ya OLED kwa kundi la LG mwaka 2009, Januari 2012 akaomba ulinzi wa kufilisika. Fujifilm wa Japani alikuwa kwenye shimo lilelile, filamu hazinunuliwi, lakini yeye akajiuliza sisi tunajua kupika nini. Ile plastiki angavu ya selulosi iliyokuwa inabeba filamu ya picha ikawa ndo inakinga polaraiza, ule utando wa kuchuja mwanga, kwenye skrini za LCD, na ule ujuzi wa jelatini, ambayo asili yake ni kolajeni, akaupeleka kwenye losheni za uso. Yupo mpaka leo. Mmoja aliona anauza kamera na filamu, mwenzake akaona anauza kemia. Stuudio za Mwanza sisi tulifunga tukagawana meza.

Skrini ya LCD yenyewe historia yake inaanzia kwenye karoti. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtu wa mimea huko Prague, alikuwa anachunguza kolesteroli ya karoti, akakuta kitu chake kinayeyuka mara mbili, kwenye nyuzi 145.5 kinakuwa maziwa maziwa, kwenye 178.5 kinakuwa angavu kama maji. Kimiminika lakini kimejipanga kama fuwele. Kikakaa hivyo kama kituko cha maabara karibu miaka 80. Marekani walitengeneza skrini za kwanza za namna hiyo mwaka 1968 zikawa zinasumbua, kemikali zake zinataka joto au zinaharibika zikikutana na unyevu, mpaka George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mwaka 1972 alipopika familia mpya, sayanobaifenaili, zinakaa kwenye joto la kawaida na haziharibiki hovyo. Saa za mkononi, kalikuleta, Nokia za tochi, vyote vimepita mlango huo. Bodaboda anaponiletea simu aliyoifunga kwenye hendeli jua la saa nane na skrini imeweka weusi, halafu ikikaa kivulini inarudi yenyewe, mimi simtozi hela, namwambia hicho kimiminika kimepashwa joto mpaka mpangilio wake umevurugika, subiri kipoe. Wengine wanadhani nawaroga.

Mzee wa Igoma atasema haya yote ni ya wazungu na wajapani ya zamani. Sawa, tuje karibu.

Nyie watu wa gazeti mnajua enzi zile picha za magazeti zilitoka vipi? Zilichongwa kwenye sahani za shaba au zinki kwa gundi ya samaki. Gundi ya samaki imechanganywa na daikromati, ukiipiga mwanga inagoma kuyeyuka, pale ambapo mwanga haukufika unaosha kwa maji, asidi inakula metali palipo wazi, sahani tayari. Mwanza hii tunauza mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, kwa bei mpaka watu wanagombana, yanaenda China, sijawahi kusikia mtu anauliza mle ndani kuna nini. Na ile kazi ya gundi ya samaki haijafa, chipu ya simu inachorwa kwa njia hiyohiyo, ila gundi imebadilishwa ikawa polima maalumu inayoitwa fotoresisti, mwanga unachora mistari myembamba kiasi kwamba hata darubini yangu ya dukani haioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa IBM walikwama, mwanga wa kuchorea mistari myembamba zaidi ulikuwa dhaifu, resisti ya zamani haiushiki. Grant Willson, Jean Fréchet na Hiroshi Ito wakapika resisti ambayo mwanga kidogo ukiigusa inatoa asidi, na hiyo asidi inaenda kukata vifungo vingi vingine yenyewe bila kuongezewa mwanga. Ukitaka kujua hiyo kitu ina uzito gani uliza Korea Kusini. Julai 2019 Japani waligombana nao, hawakuwawekea vikwazo vya magari wala mchele, walibana kemikali tatu tu, fotoresisti, hidrojeni floridi na polimaidi yenye florini. Kemikali tatu, na kampuni kubwa kuliko zote za chipu za kumbukumbu duniani zikaanza kuhaha. Korea wanaojua kutengeneza kila kitu! Programu gani ya kompyuta ukiizuia nchi inatikisika hivyo? Na nyingine ya kuchekesha, ile filamu ya kuhami inayowekwa chini ya chipu za kompyuta inatoka Ajinomoto, wale wa kiungo cha mchuzi, walianzia kwenye kemia ya kiungo wakaishia ndani ya kompyuta.

Sasa sisi. Kyerwa kule Kagera kuna bati. Bati ndo kiungo kikuu cha risasi ya kuchomelea ninayotumia, na tangu Ulaya walipoikataa ile yenye metali ya risasi ndani yake mwaka 2006 bati limezidi kuwa jingi humo, na mafundi tunalijua hilo kwa mikono mana ile ya zamani inayeyuka nyuzi 183 na hii mpya inataka karibu 217, ukizembea unakaanga bodi ya mtu. Bati hilohilo likichanganywa na indiamu ndo linafanya ule utando usioonekana juu ya kioo cha tachi, unaopitisha umeme huku unaona upande wa pili. Ngualla kule Songwe kuna neodimiamu na praseodimiamu za yule Mwaustria, na ndugu yao seriamu yumo humohumo kwenye mwamba. Mahenge kuna grafiti, Kabanga Ngara kuna nikeli, vyote vya betri. Dhahabu ya Geita najua wengine mtaikumbuka, na kiwanda cha kuisafisha kilizinduliwa hapahapa Mwanza Juni 2021, kazi ambayo ni kemia mwanzo mwisho. Kila nikisoma habari za hiyo migodi kwenye gazeti lenu nakuta hisa za serikali asilimia ngapi, mrabaha asilimia ngapi, fidia ya wananchi, na ni sawa muandike, ila sijaona mwandishi aliyeuliza tunasomesha wanakemia wangapi wa kukaa na hayo mawe. Jiwe la Ngualla haliwi sumaku kwa kusombwa na lori. Kuzitenganisha zile metali ndugu moja moja ndo kazi aliyoifanya Welsbach kwa mikono yake mwaka 1885, kugandisha na kuyeyusha mara nyingi mpaka zikaachana, na mpaka leo asiyejua kuzitenganisha anauza mchanga.

Na asiseme mtu kwamba Mtanzania hawezi. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha alitengeneza chujio la maji kwa maada za nano, unalirekebisha kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, floridi au kitu kingine, mwaka 2015 akachukua Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi ya wale wahandisi wa kifalme wa Uingereza. Sio elektroniki lakini ni kazi ya aina hiyohiyo, kupika maada ifanye unachotaka.

Kuhusu ile C ya kijana, mzee wangu, kuna mtu anaitwa Moungi Bawendi, baba yake Mtunisia, alipata Nobeli ya Kemia mwaka 2023 pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov kwa vile vidoti vya rangi vilivyoko kwenye tivii mpya, chembe ndogo sana ambazo zikiwa ndogo zaidi zinatoa bluu, ukiziacha zikue zinatoa nyekundu, kemikali ni ileile moja, umebadilisha ukubwa tu. Yeye alipata njia ya kuzipika zote zitoke saizi moja, 1993, kwa kudunga kemikali ghafla kwenye mafuta ya moto. Siku ya tuzo alisimulia mwenyewe kwamba mtihani wake wa kwanza wa Kemia chuoni Harvard alipata 20 kwa 100. Ishirini! Huyo wako ana C.

Simkatazi mtu kusoma kompyuta, wanangu nao wanasoma. Ninachoomba ni kidogo. Kwanza nyie wahariri, ukurasa wa teknolojia uwe na mwandishi anayejua kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini, hata mara moja kwa mwezi, aende DIT hapo, aende kwenye ile rifainari ya dhahabu, aende hospitali ya Bugando aulize picha za eksirei siku hizi zinashikwa na nini badala ya filamu. Pili wakuu wa shule, hipo sio ghali, vijana waifanye wenyewe ile praktiko kila mtu na bika lake, huyu anayekaa nyuma anaangalia mgongo wa mwenzake hajasoma Kemia huyo. Tatu wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa, mikataba ya madini ikija mezani waulize maabara iko wapi na itajengwa lini, waandike na tarehe.

Jambo moja nimelikumbuka, mtu asije akanijibu kwamba hizi kemikali ni sumu zinachafua ziwa. Ni kweli nyingine ni sumu. Moshi wa kuchomelea tumeuvuta miaka na miaka bila feni, na betri za taa za dagaa zikishachoka naziona zimetupwa ufukweni, na kuna vijana wanachoma waya dampo ili wapate shaba. Vile vidoti vya tivii vya kwanza vilikuwa vya kadmiamu ambayo ni mbaya, na waliotafuta mbadala wa indiamu fosfidi ni wanakemia haohao. Ukiwakosa hao unabaki na sumu na hujui hata jina lake.

Mzee wa Igoma nakukaribisha dukani Makoroboi, uliza fundi mwenye darubini, uje na kijana. Jioni ndo nzuri wateja wanapungua. Nitamwonyesha skrini ya LCD na ya OLED zimefunguliwa upande kwa upande na taa ya dagaa iliyopasuliwa, aamue mwenyewe. Ila usije na simu mbovu ukitegemea nitaitengeneza bure kwasababu tumejuana gazetini.

Fundi simu,
Makoroboi, Mwanza